Uzi: Kuna mwanafunzi wa Nairobi aliyelipiwa karo kwa sababu ya kujitolea, ama ni vyeti tu?

#1 MamaTendo_Kayole
Habari zenu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Kayole. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi asubuhi anaenda kanisani kufundisha watoto wa gredi ya pili na ya tatu kusoma. Hakuna anayemlipa. Mwalimu wake wa darasa akamwambia aendelee, kwamba kuna tuzo na ufadhili wa chuo kikuu kwa vijana wanaohudumia jamii. Jirani yangu naye anasema hizo ni hadithi, wanaopewa ni watoto wa shule za kibinafsi za upande wa Lavington, sisi tutabaki na karatasi za kubandika ukutani. Halafu jirani huyo huyo anasema ukipata Dhahabu, ngazi ya juu ya tuzo ya vijana ya President's Award, unaingia chuo kikuu moja kwa moja bila karo. Hayo mawili yanagongana. Naomba kujibiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ama mtoto wake alilipiwa. Baba yake ni fundi wa mjengo, mimi nauza mboga, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni mwaka kesho.

#2 Msomi_Pangani
Mama Tendo, la Dhahabu si kweli. President's Award ya Kenya haina karo ndani yake. Ni mpango wa vijana wa miaka 14 hadi 24, ulianza hapa mwaka 1966, na asili yake ni ule wa Duke of Edinburgh ulioanzishwa Uingereza mwaka 1956. Una ngazi 3, Shaba, Fedha na Dhahabu, na huduma kwa jamii ni sehemu moja tu. Nyingine ni kujifunza ujuzi, mazoezi ya mwili, na safari ya kutembea na kupiga kambi. Wa Dhahabu wanaongezewa kazi ya kukaa siku 5 na watu wasiowajua, wakifanya mradi pamoja. Mwisho wake ni beji na cheti.

Mimi ninacho cha Fedha. Karo yangu haikutoka hapo. Lakini kila mahojiano niliyoingia baadaye niliulizwa kukihusu, na nilikuwa na la kusema.

#3 Dereva_wa_46
Kuna mtu anaweza kunieleza saa 250? Kijana wangu alisoma kwenye intaneti kwamba ukifikisha saa 250 za kujitolea unapewa Dhahabu ya Rais. Anaziandika kwenye daftari kila jioni.

#4 Bint_Eastleigh
Mzee, hiyo ni ya Marekani. Inaitwa President's Volunteer Service Award, ilianza 2003, na saa 250 zilikuwa kiwango cha Dhahabu kwa wenye miaka 16 hadi 25, kabla mpango haujasimamishwa 2025. Ilikuwa ya raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu wa kule. Hata wao haikuwapa pesa. Majina yanafanana ndiyo maana wengi hapa wanapotea.

Ya kwetu haijumlishi saa hivyo. Inaangalia miezi ya kuendelea bila kuacha. Shaba ni angalau miezi 6. Anayeingia Dhahabu moja kwa moja bila kupitia Fedha anahitaji angalau miezi 18. Lakini usimwambie atupe daftari. Daftari hilo litamsaidia kuliko cheti.

#5 Dereva_wa_46
Asante binti. Nitamwambia leo.

#6 Kijana_Huruma
Mama Tendo umeuliza aliyelipiwa. Kaka yangu alilipiwa, na si Lavington, ni Mathare.

MYSA, ile Mathare Youth Sports Association iliyoanzishwa 1987, ina tuzo za uongozi. Unakusanya pointi kwa kazi unayofanya: kufundisha timu ya watoto, kuamua mechi, kusafisha mitaro, kuongea na vijana kuhusu Ukimwi. Wanaoongoza kwa pointi wanapewa tuzo, na pesa inaenda shuleni kwako, haipitii mfukoni. Kaka alikuwa kocha wa watoto wa chini ya miaka 12. Mama alikuwa amekwama na karo ya kidato cha tatu, pesa ikafika shuleni, kaka akarudishwa darasani. Haikuwa pesa ya chuo kikuu. Ilikuwa ya kumfanya afike KCSE, na bila hiyo asingefika.

Hata kwenye ligi yao usafi ni pointi. Ukishinda mechi unapata 3, timu ikimaliza kazi ya usafi inapata 6. Kuna timu zilichukua kikombe kwa sababu ya chepeo.

#7 Gor_Damu
Sasa nimejua vile Mathare United walichukua ligi kuu 2008. Walifagia uwanja.

#8 Kijana_Huruma
@Gor_Damu waliwafagia hata nyinyi wa Gor Mahia mwaka huo. Turudi kwa Mama Tendo.

#9 Mwalimu_Mstaafu
Nimefundisha kwa miaka mingi na nimeketi kwenye jopo za kuchagua wanafunzi wa kufadhiliwa. Nitasema nilichoona upande ule wa meza.

Fomu zinapofika, alama zinafanana. Watoto 40 wana B+ na A-, wote wazazi hawana kitu. Hapo ndipo mtu anauliza, huyu akisoma, atamfaa nani? Anayefundisha watoto kusoma kila Jumamosi bila kulipwa ameshajibu swali hilo kabla hajaulizwa. Sisi hatukuwa tunatafuta malaika. Tulitaka mtu asiyeacha jambo katikati, kwa sababu ufadhili ni wa miaka minne na kuna siku atatamani kuacha.

Na wazo hili si geni Kenya. Kuanzia 1984 waliopata nafasi ya chuo kikuu walipelekwa kwanza kambi za NYS, huduma ya vijana kwa taifa, wengi Gilgil, wakashika jembe miezi kadhaa kabla ya kushika kitabu. Shule ya Starehe tangu enzi za mwanzilishi wake, Dk. Griffin, wamekuwa na mpango wa wanafunzi kufanya kazi ya kujitolea hospitalini na kwenye ofisi za umma. Wazo lilikuwa moja, kwamba anayesomeshwa na watu ana deni kwa watu.

#10 Wakili_Umoja
Mwalimu nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe hata kidogo.

Kujitolea kunahitaji muda, na muda ni mali. Mtoto wa Kileleshwa Jumamosi yake ni huru. Anapelekwa na gari hadi Kibera, anapanda miti, anapigwa picha, anaandika insha, na jopo linaona kiongozi. Msichana wa Mukuru kwa Reuben Jumamosi hiyo hiyo anachota maji, anafua nguo za wadogo zake wanne, anamshika mkono jirani kipofu kumpeleka kliniki. Fomu inamuuliza: eleza huduma uliyofanya kwa jamii. Anaacha wazi, kwa sababu hakuna aliyemwambia hiyo ni huduma.

Mkumbuke mafuriko ya Aprili 2024. Mto Mathare ulipovunja kingo usiku, waliobeba wazee na watoto mgongoni ni vijana wa pale pale, wengine wamevaa sare za shule za jana yake. Ni nani aliwasainia saa zao? Wangapi waliandika hayo kwenye fomu ya ufadhili? Nimesaidia vijana kujaza fomu hizo kwa miaka na sijaona hata mmoja aliyeandika bila kusukumwa.

Kwa hivyo mimi nasema tuzo hizi zinapima uwezo wa kuandika huduma. Anayehudumu kweli anaweza kukosa.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Wakili, ndiyo maana kuna barua ya mwalimu. Kazi ya mwalimu ni kusema lile mtoto ameona haya kulisema.

#12 Wakili_Umoja
Mwalimu mmoja ana wanafunzi 70 darasani. Atamjua yule anayemshika kipofu mkono?

#13 Mwalimu_Mstaafu
Akitaka kujua atajua. Mimi nilitembea nyumba kwa nyumba.

#14 Nuru_Ngara
Mimi ni mmoja wa waliolipiwa, chuo kikuu chote, karo na malazi. Sitataja mfadhili. Nilizaliwa Korogocho.

Nyote wawili mna haki na nitaeleza kwa nini. Fomu yangu ya kwanza nilijaza vile Wakili anasema: niliacha sehemu ya huduma wazi. Nikakataliwa. Mwaka uliofuata dada mmoja wa maktaba akanikalisha chini akaniuliza, "Ukitoka shule unafanya nini hadi ulale?" Nikamwambia nasomea watoto wa ploti hadithi kwa sababu mama zao wanarudi saa tatu usiku. Akasema andika hilo, andika ulianza lini, watoto wangapi, wanasoma nini sasa. Niliandika hayo tu. Kwenye mahojiano hawakuniuliza kitu kingine. Mama mmoja wa jopo alitaka kujua hadithi gani watoto waliipenda zaidi.

Kazi ilikuwa ile ile miaka yote miwili. Kilichobadilika ni kwamba mtu alinisaidia kuiona.

#15 MamaTendo_Kayole
Nuru umenigusa sana. Mungu akuzidishie. Kwa hivyo Tendo aandike majina ya watoto anaowafundisha?

#16 Nuru_Ngara
Majina hapana mama, wale ni watoto wa watu. Aandike tarehe, muda, idadi, na walichosoma. Mwisho wa mwezi mchungaji ama msimamizi wa darasa aweke sahihi na muhuri. Afanye hivyo mwezi huu huu, asingoje hadi mwaka kesho aanze kukumbuka.

#17 Bendi_ya_Tano
Mnazungumza kama kuna bahari ya ufadhili. Vyuo vya umma pesa inatoka kwa serikali, na tangu utaratibu mpya wa 2023 inagawiwa kwa kuangalia uhitaji wa familia. Kujitolea hakuingii kwenye hesabu hiyo hata chembe. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nao hauulizi ulifundisha nani. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, na ya kaunti ni chifu, kiongozi wa dini na mwalimu mkuu kuthibitisha kwamba huna. Kwa wanafunzi walio wengi wa Nairobi mjadala huu hauwahusu. Aongeze alama za hesabu kwanza.

#18 Msomi_Pangani
Hapo kuna ukweli mchungu. Wafadhili wakubwa wa hapa wanaanza na alama na uhitaji. Wings to Fly ya benki ya Equity na Mastercard Foundation, iliyoanza 2010, inachukua wanaoingia sekondari, kwa hivyo Tendo ameshapita. Ile ya Equity ya viongozi, tangu 1998, inachukua waliofanya vyema zaidi KCSE. Huduma inakuja baadaye: ukishachaguliwa unatarajiwa kurudisha kwa jamii. Mastercard Foundation Scholars Program, iliyo na vyuo kadhaa Afrika na hapa Nairobi ikiwa na chuo kikuu cha USIU, inasisitiza sana kurudisha, na wanaangalia dalili zake mapema.

#19 Mdau_wa_Makadara
Katika wadi moja niliyowahi kuishi, kamati iliwaambia vijana wazibue mitaro kwanza ndiyo wachukue hundi za basari. Jua kali, hakuna glavu, na mheshimiwa akaja na mpiga picha. Hiyo mnaiita huduma kwa jamii? Basari ni pesa ya umma. Kijana hatakiwi kuilipia kwa jasho mbele ya kamera.

#20 Kijana_Huruma
Hiyo si sawa kabisa. MYSA unachagua mwenyewe kuingia na unajua pointi zinahesabiwaje kabla hujashika fagio. Kulazimishwa siku ya hundi ni kudhalilisha watu.

#21 Mfanyakazi_wa_Jamii
Naomba kuongeza jambo kuhusu makao ya watoto, kwa sababu najua wanafunzi wengi wa sekondari wanakimbilia huko kutafuta "saa".

Nimefanya kazi kwenye makao. Kila mwisho wa muhula linakuja basi la shule, wanafunzi wanashuka na unga, sabuni na simu. Wanabeba watoto wadogo, wanapiga picha, saa mbili wameondoka. Mtoto wa miaka minne anabebwa na watu ambao hatawaona tena, kila wiki wapya. Jioni tunabaki na watoto wanaolia na hatujui tuwaambie nini.

Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ilitoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mfadhili anayefuatilia mambo haya hashangilii tena picha ya mwanafunzi aliyebeba yatima. Ukitaka kumsaidia mtoto, msaidie akiwa kwao: mfundishe kusoma, msindikize shule, mfulie shangazi yake anayemlea. Anachofanya Tendo kanisani, watoto wakirudi nyumbani kwao kula, ni bora mara nyingi kuliko ziara kumi.

#22 Bint_Eastleigh
Asante kwa hili. Shule yetu ilikuwa inatupeleka na hakuna aliyewahi kutueleza.

#23 Mzee_Kasarani
Mnasahau ufadhili mkubwa kuliko yote nchi hii ilipata, ndege za Tom Mboya. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Hakuna aliyeulizwa saa za kujitolea. Baba Obama alikuwa ndani ya ndege hiyo.

#24 Msomi_Pangani
Mzee, Obama mkubwa alienda Hawaii mwaka huo huo wa 1959 lakini hakuwa kwenye ndege ile. Alipanga safari yake kando. Mengine umesema sawa. Na kumbuka wengi walichangiwa na vijiji vyao, kwa hivyo deni kwa jamii lilikuwepo hata kama halikuandikwa kwenye fomu. Wangari Maathai alienda 1960, akarudi, na tunajua alichofanya na miti.

#25 Bint_Eastleigh
Na hapo kuna kitu cha Tendo. Zawadi Africa, iliyoanzishwa 2002 na Susan Mboya, binti yake Tom, inawatafutia wasichana werevu wasio na uwezo nafasi za kusoma, Marekani na kwingine. Uongozi na huduma wanaviangalia. Mama Tendo, fuatilia hiyo.

#26 MamaTendo_Kayole
Nimeandika kwenye kitabu cha madeni ya mboga, ukurasa wa nyuma. Endeleeni.

#27 Aliyerudi_Kutoka_Kentucky
Kwa wanaofikiria Marekani, mpangilio uko hivi. Vyuo vikubwa kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havitoi ufadhili kwa kipaji wala kwa huduma. Huduma inasaidia kukubaliwa. Ukishakubaliwa, wanaangalia familia inaweza kulipa nini na wao wanajaza pengo, hata kwa mwanafunzi wa kigeni. Fomu ya pamoja ya maombi ina nafasi 10 za shughuli, na kwa kila moja unaandika saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Na hapo kutunza wadogo zako nyumbani kunakubaliwa kabisa kuandikwa. Wakili, msichana wako wa Mukuru ana nafasi yake hapo.

Kuna pia Berea, Kentucky. Hawatozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Pale pale kuna mpango wa Bonner ambao kazi yako hiyo ndiyo huduma kwa jamii. Huo ndio karibu zaidi na swali la Mama Tendo: unahudumu, na masomo yako yanaendelea kwa sababu ya huduma. Wakenya wamepita pale. Nafasi za wageni ni chache sana, lakini zipo.

#28 Wakili_Umoja
Kwamba kutunza wadogo kunahesabiwa, nimefurahi kusikia na nitawaambia vijana wangu kesho. Lakini swali langu liko pale pale. Anajuaje kwamba kunahesabiwa, kama hana mtu wa kumwambia? Shule za gharama zina ofisi nzima ya mshauri wa vyuo.

#29 Aliyerudi_Kutoka_Kentucky
Ni kweli. KenSAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa Kenya kuomba vyuo vya Marekani, ilianza 2004 kwa ajili ya pengo hilo hilo, ikianzia Bonde la Ufa. Pengo bado ni kubwa.

#30 Mtahadhari
Naingia kuonya. Kuna "tuzo za viongozi vijana" zinazotumwa kwa WhatsApp: umechaguliwa, tuma ada ya kusajili kwa M-Pesa, utapewa cheti na nafasi ya mkutano ng'ambo. Mpwa wangu alituma. Mkutano ulikuwa video ya nusu saa. Cheti kilikuja jina limekosewa.

Mfadhili wa kweli hakutozi pesa kuomba. Fomu ya Wings to Fly ni bure. Chevening, ufadhili wa masomo Uingereza, ni bure. Diana Award ya Uingereza, ya vijana wa miaka 9 hadi 25, unapendekezwa na mtu mzima anayeijua kazi yako, hujipendekezi wewe. Ukiona mtu anataka shilingi elfu tatu ndiyo akutambue, kimbia.

#31 Dereva_wa_46
Kijana wangu ametumiwa hiyo ya WhatsApp wiki jana! Ametajwa kwa jina! Ngoja nimpigie.

#32 Mwalimu_wa_Gredi_10
Mimi nafundisha sekondari ya juu, darasa la kwanza la CBC, mtaala mpya, lililoingia Januari 2026. Huduma kwa jamii sasa ni somo la lazima. Kila mwanafunzi anafanya, iwe Mandera ama Muthaiga. Anatafuta tatizo mtaani, anapanga, anafanya, anaandika ripoti.

Ninafurahi, kwa sababu msichana wa Wakili sasa atafundishwa darasani kwamba kumsindikiza kipofu ni huduma. Lakini ninajiuliza, jopo za ufadhili zitafanya nini miaka mitatu ijayo kila fomu ikija na mradi? Kitu ambacho kila mtu anacho hakiwezi kumtenganisha mtu. Huenda watarudi kwa alama peke yake. Ama watatafuta aliyeendelea baada ya alama za somo kutolewa. Mimi naomba iwe hilo la pili.

Tendo mwenyewe yuko darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, kwa hivyo kwake kujitolea bado ni jambo la hiari na linaonekana.

#33 Bendi_ya_Tano
Ama wazazi watanunua miradi kwenye saiba, maduka ya intaneti, vile walikuwa wananunua miradi ya gredi ya nne. Tumeona.

#34 Mwalimu_wa_Gredi_10
Tumeona, na tunauliza maswali ana kwa ana. Mtoto aliyefanya kazi anajua harufu ya mtaro.

#35 Nyota_Buruburu
Kuna maelezo mengine ambayo hakuna ametaja. Mimi nilijitolea Kenya Red Cross tangu shuleni. Sikupata tuzo yoyote. Lakini kiongozi wa kikundi chetu ndiye aliniandikia barua ya mapendekezo, muuguzi tuliyefanya naye kazi ndiye aliniambia kuna nafasi ya diploma yenye ufadhili wa hospitali ya kanisa. Mimi naona kujitolea kunakuleta karibu na watu wazima wanaojua mambo. Mtoto wa Kileleshwa anao tayari mezani kwao akila chakula cha jioni. Sisi tunawapata hivi.

#36 Mwalimu_Mstaafu
Nyota, hilo nalo ni kweli, lakini muuguzi alikuambia wewe na si mwingine. Kwa nini? Kwa sababu alikuona unarudi kila wiki. Tabia ndiyo ilitangulia.

#37 Wakili_Umoja
Au kwa sababu kituo kilikuwa karibu na kwenu na ulimudu nauli. Mwalimu, si kila asiyerudi amekosa tabia. Wengine wamekosa nauli ya shilingi hamsini.

#38 Nyota_Buruburu
Nilikuwa natembea, kusema kweli. Lakini ningekuwa Ruai nisingeweza.

#39 Mhitimu_wa_Masta
Kwa wale wakubwa kidogo: msitupe rekodi mkimaliza sekondari. Chevening, ya serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Rafiki yangu alikosa ajira baada ya digrii, akajitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria mjini, na saa hizo zikamfikisha. Sharti lao lingine ni kurudi kwenu na kukaa angalau miaka miwili.

Mandela Rhodes ni ya Waafrika wa miaka 19 hadi 29 wanaotaka kusoma Afrika Kusini, na uongozi na maridhiano ni kati ya mambo wanayoyatafuta.

#40 Kakuma_hadi_Nairobi
Nimesoma uzi wote. Mnasema Kileleshwa na Mukuru. Naongeza Kakuma. Mwaka 2023 Global Student Prize, dola 100,000, ilienda kwa Nhial Deng, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Kakuma. Alikuwa akiendesha kazi za amani na masomo kwa vijana wenzake pale kambini. Kakuma huna mshauri wa vyuo, huna basi la shule la kukupeleka kujitolea. Siku ile habari zilipofika watu walilia barabarani. Mimi nilikuwa huko kwa mama yangu.

#41 Wakili_Umoja
Hongera zake na zenu. Mmoja. Wengine wako kambini bado.

#42 Kakuma_hadi_Nairobi
Wako, ndiyo, na mimi nina ndugu kati yao. Lakini wadogo zangu sasa wanaandika wanachofanya.

#43 MamaTendo_Kayole
Nimewasoma wote, usiku na mchana, kati ya wateja. Tendo ameanza daftari. Msimamizi wa darasa la Jumamosi amekubali kuweka sahihi, na amesema hata yeye hajawahi kuandika idadi ya watoto, alidhani ni kumi na tano kumbe wanafika ishirini na sita. Binti ameuliza kama anaweza kujiunga na President's Award akiwa shule ambayo haina kikundi chake.

#44 Msomi_Pangani
Anaweza. Haiko shuleni peke yake. Iko kwenye vikundi vya vijana, makanisa, vyuo, hata shule za kurekebisha tabia. Aulize ofisi yao ya Nairobi kuhusu kituo cha karibu na Kayole. Shaba anaweza kuimaliza kabla ya mtihani. Dhahabu ingoje baada ya KCSE, asijibebeshe mzigo mwaka wa mtihani.

#45 Gor_Damu
Na aongeze hesabu vile Bendi ya Tano alisema. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Donholm, Jumapili saa nane nina kikundi cha kidato cha tatu na cha nne, bure. Aje na wenzake wawili.

#46 Kijana_Huruma
Gor_Damu kumbe unafundisha bure na hujasema tangu juzi?

#47 Gor_Damu
Hakuna aliyeniuliza.

#48 Mgeni_Githurai
Samahani kuingia nimechelewa. Mtoto wangu ni kiziwi, yuko shule maalum, gredi ya 10. Hiyo huduma kwa jamii ya lazima wanaifanyaje, na President's Award inamkubali?

#49 Mwalimu_wa_Gredi_10
Karibu. Somo ni la lazima kwa wote, na mwanafunzi anaweza kufanya mradi wake kwa Lugha ya Ishara. Shule yetu ina mmoja anayewafundisha wauza duka wa soko jirani ishara za bei na salamu. President's Award inawakubali bila ubaguzi. Niandikie kwa ujumbe wa faragha, nikuunganishe na mwalimu wake, ameshapitia njia hiyo.